Uji wa Halua

Alfajiri ile, mwadhini wa Mtongwe hajamaliza kuadhini, nilijua kwamba mimi si mke wa Sharif tena. Hakuna aliyeniambia ila mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeingia mwezini kwa mara ya tatu tangu aniache, na kwa mwanamke aliyeachwa talaka moja hapo ndipo eda inapokwisha. Muda wote wa eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno moja tu. Eda ikisha, neno hilo halina kazi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha chumba cha wageni nikalia kidogo, kisha nikaona kulia hakutanirudishia kitu. Nikajitanda leso mpaka kichwani nikaenda jikoni kupika uji.

Usinicheke. Najua mwanamke mwingine angefunga mizigo kwanza, na mizigo niliifunga pia. Nilimpigia simu kaka yangu Ismail, akaniambia amalize kushusha nazi zake sokoni Kongowea, kisha atavuka feri na kunichukua kabla ya saa mbili. Kwa hiyo nilikuwa na saa mbili na kitu katika nyumba ambayo haikuwa yangu tena. Sharif alikuwa msikitini. Sikujua jambo lingine la kumfanyia mtu yule zaidi ya kumpikia.

Inafaa nikueleze habari ya uji huu, maana ndoa yetu ilivunjikia ndani ya bakuli lake.

Mwezi wa sita Sharif alipimwa akakutwa na sukari. Ana miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya polepole. Ni karani wa kuhesabu makontena bandarini, na tangu utotoni chai yake ilikuwa ya vijiko vinne, na mahamri hakuna aliyewahi kumhesabia. Daktari akamwambia hayo yote ayaache, asubuhi ale oti. Sasa oti, zile nafaka bapa za kwenye kopo, kwetu sisi ni za shurba ya Ramadhani, pamoja na nyama na ndimu. Kuzila asubuhi hivihivi, bila nyama wala sukari, ni chakula cha mtu aliyelazwa. Sharif alinishika mikono yote miwili akaniomba nisimwambie mtu kuhusu ugonjwa wake, hata mamangu. Nikamwapia.

Jumapili iliyofuata, tarehe kumi na nne, mjomba wake Mzee Tsofa alikuja kunywa chai na wanaume wawili wa ukoo wao. Niliwawekea mahamri na mbaazi za nazi, na Sharif nikamwekea bakuli la oti nilizochemsha kwa maji matupu. Zilikuwa kama gundi, nakiri. Mzee Tsofa akauliza ni kitu gani kile. Sharif akaona haya, akalisukuma bakuli, akasema mkewe siku hizi amekuwa mvivu, ampa chakula cha wagonjwa.

Mimi ni mpishi wa tamutamu za harusi. Watu hutoka Diani kunifuata. Kuitwa mvivu mbele ya wageni, katika nyumba ninayoamka kuifagia kabla ya jua, kulinichoma mpaka ndani. Nikamjibu palepale kwamba yeye ni mgonjwa kweli, ana sukari, na kama hajali macho yake wala miguu yake mimi najali. Wageni wote wakabaki na vikombe mikononi. Sharif akasimama, uso umemwiva, akanitamkia talaka mbele ya wazee watatu. Ilikuwa moja, alhamdulillahi, lakini talaka ni talaka.

Mamangu, Bi Sabah, alitaka nirudi kwake Kisauni siku hiyohiyo. Alisema mwanamume anayemwacha mke kwa bakuli la uji, kesho atamwacha kwa kijiko cha chumvi. Lakini mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe, ndivyo dini inavyosema, na mimi niliishikilia hukumu hiyo kwa nguvu zangu zote. Mama alidhani ni uchaji Mungu. Ilikuwa mapenzi. Nilimpenda Sharif hata katika zile siku ambazo sikuweza kumtazama usoni.

Basi tukaishi hivyo, yeye chumba chake, mimi cha wageni. Asubuhi alikula mezani, mimi nikala jikoni, na pazia katikati yetu. Siku ya pili baada ya talaka nilizipika oti tena, kwa hasira, nimwonyeshe mvivu anavyopika. Nilitia tui la nazi na iliki, nikaziacha zishike kidogo chini, zikatoa harufu ya mkate wa sinia. Siku ya tatu nikaponda nusu ya ndizi mbivu na mdalasini. Siku ya nne nikazikaanga kwa samli na zabibu chache, kama tambi. Sukari sikutia hata chembe. Yeye hakusema kitu, na bakuli likarudi jikoni safi kila mara.

Asubuhi moja nilifunua pazia kidogo nikamwona anapitisha kidole ndani ya bakuli tupu, anakilamba, amefumba macho. Mtu mzima, karani wa bandari. Hasira ikanitoka palepale, na tangu siku hiyo nikawa nalala nikiwaza kesho nimpikie tamu gani.

Ningeweza kuishi hivyo mwaka mzima kama nisingeiona kalenda. Ilikuwa mwezi wa saba, napangusa ukuta wa sebuleni. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita ilikuwa na nukta ndogo ya wino, na tarehe kumi na nne ya mwezi wa tisa ilizungushiwa duara. Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Sharif alikuwa amehesabu miezi mitatu kamili. Miezi mitatu ni eda ya mwanamke aliyekoma kuingia mwezini, na mimi eda yangu ni ya twahara tatu, vile vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi, ambavyo kwangu havifiki hata siku themanini. Mtu anayehesabu makontena kutwa nzima asipoteze hata moja alikuwa amemhesabu mkewe kama bibi kizee.

Ilinipasa nimwambie. Nilimweleza mama kwa simu, akaniambia nisithubutu kufungua mdomo, mwanamke haombi kurejewa, na kama mwanamume anataka atauliza. Nami nilikuwa na kiburi changu, sitamsingizia mama peke yake. Nikasema moyoni, akinitaka atasema. Nikasubiri neno lake kila asubuhi, siku sabini.

Sasa siku ya sabini ilikuwa imefika na mimi nipo mbele ya jiko. Tamu zote nilikuwa nimeshampikia isipokuwa halua. Niliiogopa, maana halua ni sukari tupu na samli, ukiitoa sukari sijui kinachobaki. Nikazikaanga oti kavukavu mpaka zikanukia kama njugu, nikadondosha samli kijiko kimoja. Tende mbili nilizoziroweka usiku nikazichemsha mpaka zikayeyuka na kuwa nyeusi. Nikamimina maji yake, kisha tui, nikatwanga iliki, nikakwaruza kungumanga, nikatia na zafarani kidogo niliyoilowesha kwenye arki ya waridi. Nikasonga kwa mwiko bila kupumzika, kwa sababu halua haitaki mtu wa kuangalia pembeni. Machozi yalinitoka mara moja nikayafuta kwa bega. Ilipoanza kuachana na sufuria nikaipakua, nikapanga lozi juu.

Mlango wa uani niliuacha wazi kabisa. Jirani yetu Kadzo alikuwa huko anafua, na mimi sikutaka kuwa peke yangu na mwanamume ambaye si wangu.

Sharif aliingia na kanzu yake nyeupe, akasimama mlangoni. Alinitazama kichwani, akaiona leso nilivyojitanda mpaka kwenye paji la uso, akauliza kama nahisi baridi. Nikamwambia la. Akaketi, nikamwekea bakuli, nikarudi nyuma. Akainama kunusa.

"Hii ni halua," akasema.

"Ni oti."

Akaonja. Nilimwangalia koo lake likimeza, nikaangalia chini. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha juu ya uji wangu tangu nianze.

"Salha."

"Abee." Lilinitoka kwa mazoea.

"Hebu keti. Nataka kukwambia jambo."

Nikachukua kiti cha mbali, kile kilicho karibu na mlango wa uani. Akatoa karatasi mfukoni akainyoosha mezani kwa kiganja. Jana alikuwa ameenda kupimwa. Sukari ilikuwa imeshuka, imeshuka sana, na daktari alimuuliza anakula nini asubuhi. Sharif alimjibu kwamba siku hizi kila akiamka anaalikwa harusini. Akacheka kidogo aliponisimulia, na mimi nikacheka, na macho yetu yakakutana. Yakakaa hapo. Nilikuwa nimesahau kwamba jicho lake la kushoto hufumba kidogo anapocheka.

"Nilipanga ningoje mpaka tarehe kumi na nne ya mwezi ujao," akasema. "Nilitaka kwanza niende Kisauni nimwangukie mamako, halafu nikununulie kitu, nije kwa heshima. Jana nilipotoka kwa daktari nikaona nafanya ujinga. Zimebaki siku ishirini na mbili, na mimi sitaki hata moja ipite." Akavuta pumzi. "Salha, nimekurejea."

Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefikisha mzigo kabla ya siku yake. Yale maneno niliyoyasubiri asubuhi sabini yalikuwa yametamkwa mezani mbele yangu.

"Umechelewa, Sharif."

"Nimechelewaje? Nimehesabu mwenyewe."

"Leo siswali."

Hakuelewa. Kisha nikamwona anaelewa. Aliitazama leso yangu, akautazama mlango ulio wazi, na mwisho akauona mkoba wangu karibu na pazia. Akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza, midomo inamcheza. Alipofika kidole cha tatu mkono ukamlegea.

"Si ni miezi mitatu?"

"Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma siku zake. Mimi sijafika hata thelathini."

"Lini?"

"Alfajiri hii. Wewe ulikuwa watia udhu."

Akajifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Nje Kadzo alikuwa anasuuza nguo, nikasikiliza maji yakimwagika kwa sababu sikuwa na pengine pa kupeleka masikio yangu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa chini, na afadhali angepiga kelele.

"Kalenda uliiona?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Ukajua nimekosea. Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Sharif? Nije na bakuli mkononi nikwambie harakisha, nirejee, siku zinakwisha?"

"Ungesema neno moja tu."

"Na wewe pia ulikuwa na neno moja. Ulikuwa nalo kila ukiketi hapo."

Alikuwa na haki ya kukasirika nusu, na mimi nusu, na sote wawili tulilijua hilo. Nikaona nisiondoke bila kutoa lile lililokuwa likinikaa kifuani tangu Jumapili ile.

"Nataka unisikilize kabla Ismail hajafika. Ulinipa siri yako ukaniapisha, na mimi nikaimwaga mbele ya mjomba wako kwa sababu ya hasira. Sikuwa na haki. Naomba unisamehe."

"Mimi ndiye niliyekuita mvivu."

"Hilo sijalisahau."

Akatabasamu bila kupenda, kisha macho yakamjaa. Mkono wake ukaja polepole juu ya meza kuelekea wangu. Ulipofika katikati akakumbuka, akaurudisha, akaushika ule mwingine kama anayeufunga. Wallahi, nilitaka niuvute. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoutaka mkono ule.

"Basi imekwisha?" akauliza. "Nambie tu, Salha. Ndiyo imekwisha?"

Na hapo, sijui maneno yalitoka wapi. Nilikuwa sijayapanga. Siku sabini nilikuwa nikidhani ninachotaka ni kurejewa.

"Uliponiacha hukuniuliza," nikamwambia. "Na ungenirejea jana pia usingeniuliza. Neno lingetoka kinywani mwako, likanikuta huku jikoni, nikawa mke tena nitake nisitake. Ndivyo ilivyo, sisemi ni vibaya. Lakini sasa huna neno hilo. Umebakiwa na njia moja, kama mwanamume mwingine yeyote. Uje uniulize."

Alinitazama muda mrefu sana. Tulikuwa tumekaa miaka mitano katika nyumba ile, na sidhani kama aliwahi kunitazama namna hiyo, kama mtu anayetaka kujua mtu huyu ni nani na anaweza kusema nini.

"Nikija kuuliza, utanijibu vipi?"

"Siwezi kukaa nawe nikakujibu hayo. Wewe si mume wangu. Walii wangu ni Ismail, yeye ndiye wa kuulizwa."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akalivuta bakuli lake akamaliza uji wote, kijiko kwa kijiko, bila haraka, na mimi nikakaa palepale karibu na mlango nikimwangalia. Sikumbuki kama tulisema kitu kingine.

Ismail alipiga hodi saa mbili kasoro. Alikuwa na nyuzi za makumbi ya nazi kwenye mikono ya shati, na hakutaka kuketi wala kuonja. Walisalimiana kwa mdomo tu. Sharif aliunyanyua mkoba wangu akaenda nao mpaka kwenye kizingiti, halafu akauweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akamwacha kaka yangu auchukue. Sikugeuka nyuma. Ningegeuka, nisingefika hata kwenye lami.

Wiki ile Kisauni ilikuwa ndefu. Mama alinipikia vyakula vya kila namna na kila chakula alikipa maneno yake. Alisema Mungu ameniokoa, kwamba mimi bado mbichi, kwamba kuna mwanamume mmoja mjane wa Bamburi, mtu wa heshima, mwenye nyumba yake, asiye na sukari. Nilimsikiliza. Ismail alikuwa anarudi kutoka sokoni anakula ananitazama usoni. Mimi sikupika hata mara moja.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri nilisikia sauti ya Mzee Tsofa barazani, anatoa salamu ndefu za wazee, na nyuma yake sauti ya polepole niliyoijua. Mama akanishika mkono akanitia chumba cha ndani, akaketi kitandani nami, na leso yake ya zamani ya maua mekundu magotini. Huko nje Mzee Tsofa alisema kwamba wamekuja kwa adabu, mwana wao alikosa kutamka alichotamka, akakosa na hesabu, na sasa anaposa upya, kwa mahari mpya, kama kijana ambaye hajawahi kuujua mlango huu. Ismail akamuuliza Sharif kama hayo ni maneno yake. Sharif akasema ni yake, na kwamba maneno ya hasira hatayatamka tena na ukoo wake umsikie na uwe shahidi. Sauti ilimkatika mwishoni.

Kisha Ismail akaja mlangoni kwetu, akasimama nyuma ya pazia.

Siku niliyoolewa mara ya kwanza walikuja kuniuliza hivihivi. Niliinamisha kichwa nikanyamaza, kama anavyotakiwa mwari, shangazi zangu wakasema kunyamaza ndiyo kukubali, vigelegele vikapigwa. Niliolewa bila kufungua mdomo. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa hapewi nafasi hiyo. Yeye asipotamka, hakuna ndoa. Mama alilijua hilo vizuri zaidi yangu, ndiyo sababu alikuwa amenikamata goti.

"Nyamaza tu, mwanangu," akaninong'oneza. "Wala usikatae. Wewe nyamaza, wataondoka wenyewe."

"Salha," Ismail akasema. "Sharif anakuposa. Wamkubali?"

Nilijua Sharif ameketi wapi pale barazani, nilijua hata anavyoishika kofia yake. Pazia lilikuwa jepesi, ningesema polepole, Ismail angelisikia na kulipeleka. Lakini safari hii nilitaka lifike kwake bila mtu wa katikati. Nikainuka kitandani, goti likachomoka mkononi mwa mama.

"Nimemkubali," nikasema, kwa sauti ambayo nasikia hata wa nyumba ya pili waliisikia.

Mama akasema sina haya. Nikamwambia ni kweli, mama, sina.